Nilikipasha kiporo hadi kikafuka moshi, mbona watoto walitapika?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe, napikia madereva wa malori hapa Mbeya. Jumamosi nilipata oda ya wali wa shughuli, kilo nane, ukabaki kama nusu sufuria. Niliufunika vizuri nikauacha jikoni, na usiku huku kwetu ni baridi. Asubuhi saa moja niliupasha hadi ukafuka moshi. Haukuwa na harufu wala utelezi. Tulikula watu watano. Saa nne haijafika, watoto wangu wawili wakaanza kutapika, na mimi tumbo likanisokota. Kufikia jioni wote tulikuwa wazima. Jirani anasema ni sumu ya sufuria za alumini. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema haiwezi kuwa bakteria, kwa sababu bakteria ni seli ya chini kabisa, haina hata kiini, ni utando na uji ndani, moto wowote unaiua. Mimi nimepika miaka kumi na moja, na viporo tumekula sana. Ni nini hiki kinachopona kwenye moto? Na je, niache kabisa kupasha wali uliolala?"*

Marahaba dada, na poleni kwa kuugua. Nashukuru umetaja na saa, maana katika jambo hili saa inaeleza mengi kuliko dalili zenyewe.

Niseme la watoto kwanza. Umesema jioni wote walikuwa wazima, nami nimefarijika. Lakini kwa mwingine anayesoma hapa huku mtoto wake anatapika sasa hivi: mpe ORS ya pakiti iliyochanganywa kwenye lita moja ya maji salama, kidogo kidogo kwa kijiko, hata kama anaendelea kutapika. Mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kesho ikiwa ni mtoto mchanga, au chochote anachokunywa kinarudi, au choo kina damu, au ana homa kali, au macho yamedidimia, au hakojoi, au amelegea na kusinzia isivyo kawaida. Macho yakigeuka manjano au mtu akianza kuchanganyikiwa baada ya kutapika kwa namna hii, hiyo ni dharura, kwa sababu sumu nitakayoieleza huweza, mara chache sana, kushambulia ini. Na vile vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kabatini viacheni huko huko. Mbele utaona kwa nini visingesaidia.

Sasa tuje kwenye sufuria, nayo tuiondoe njiani haraka. Alumini huachia chembe kidogo kwenye chakula, hasa chenye ndimu au nyanya nyingi, lakini haitapishi watu kwa mpigo ndani ya saa tatu. Ushahidi unao wewe mwenyewe: wali huo huo, wa sufuria hiyo hiyo, uliliwa kwenye shughuli Jumamosi, na hukuniambia kuna aliyeumwa. Kilichobadilika kati ya Jumamosi na asubuhi ile ni usiku mmoja.

Kutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula wali uliolala, kisha kupona siku hiyo hiyo, ni picha ambayo sisi wa maabara tunaijua vizuri. Uthibitisho kamili ungehitaji kupima mabaki ya wali wenyewe, nao bila shaka umeshamwagwa. Lakini ningeulizwa nimshuku nani, jina la kwanza ningetaja Bacillus cereus. Jina hilo la pili lina asili ya nta, kwa sababu anapooteshwa kwenye sahani ya maabara huota madoa yanayofanana na nta iliyoganda. Ni bakteria wa udongoni. Mpunga unakua kwenye tope, iwe Kyela au Mbarali, na punje hufika jikoni zikiwa naye tayari. Kuosha mchele humpunguza, hakumwondoi.

Hapa ndipo hoja ya mwanao inapokuja, nami naiheshimu kwa sababu ameuliza swali la kisayansi hasa. Nusu yake ni kweli. Bakteria hana kiini chenye utando wake, na B. cereus anayekua na kugawanyika hufa kwenye maji yanayochemka. Nusu ya pili, ile ya "utando na uji ndani", ndiyo iliyomponza. Kwa miaka mingi hata walimu wetu waliichora hivyo: duara, DNA iliyokunjwa katikati, basi. Ni kosa la vifaa kuliko la akili, maana kitu kidogo namna hiyo ukikitazama kwa hadubini ya kawaida huoni zaidi ya kijiti. B. cereus ana urefu wa mikromita tatu hadi tano. Ukiwapanga kichwa kwa mkia, bakteria 250 hivi ndio wanatimiza milimita moja.

Lakini ndani ya kijiti hicho kuna mpangilio. Kila kitu kina mahali pake na wakati wake, na ni mpangilio huo ndio ulioshinda moto wako.

Anza na ukuta. Presha iliyo ndani ya bakteria wa aina hii inakadiriwa kuzidi presha ya tairi la lori, yale yale yanayopaki mbele ya kibanda chako. Kinachomzuia asipasuke ni ukuta uliosukwa kama wavu kuzunguka mwili wote. Na ukuta hauwezi kusukwa ovyo. Ukisukwa sawa pande zote, seli inakuwa mpira. Ili iwe fimbo, lazima nyuzi mpya ziongezwe kiunoni kwa kuzunguka, huku ncha zikiachwa. Anayewaongoza mafundi wa kusuka ni protini iitwayo MreB. Inajipanga vipande vipande chini ya utando na kuzunguka na mafundi hao. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba MreB ni ndugu wa aktini, protini inayofanya kazi kwenye misuli yetu mimi na wewe. Ukiiondoa, fimbo inavimba na kuwa duara. Penisilini nayo inaua kwa kuwazuia mafundi wale wale kufunga mafundo ya wavu, kwa hiyo inampata tu bakteria anayejenga. Shika neno hilo, "anayejenga", tutalirudia.

Kisha kuna kugawanyika. Fimbo ikishakuwa ndefu, inajikata katikati kuwa mbili. Kiungo cha kazi hiyo ni protini nyingine, FtsZ, ambayo watafiti Erfei Bi na Joe Lutkenhaus walionyesha huko Marekani mwaka 1991 kwamba hujikusanya kuwa pete kiunoni mwa seli. Pale pete ilipo ndipo ukuta wa kukata unapojengwa. Swali lililotusumbua wengi ni hili: kitu kisicho na macho kinajuaje katikati ni wapi?

Jibu ni zuri sana. Bakteria haitafuti katikati. Anaikataza pete kukaa kwingine kote. Kuna protini zinazozuia pete kwenye ncha, na nyingine zinazoizuia juu ya DNA. Ndani ya E. coli, bakteria wa utumbo anayetumika sana maabarani, zile protini za kuzuia hukimbia kutoka ncha moja hadi nyingine na kurudi, kila baada ya dakika moja hivi, kama mlinzi anayezunguka boma. Ncha zote mbili hupata mzuio mwingi, katikati hupata kidogo kuliko kwote. DNA ikishajinakili na nakala mbili zikiachana, pengo linabaki katikati, na pete inakaa hapo. Nilipoliona hilo mara ya kwanza kwenye filamu ya hadubini, protini zikiwa zimetiwa rangi inayong'aa, nilirudia kuitazama mpaka wenzangu wakafunga maabara.

Kwa Bacillus mambo yanafanana, ila walinzi wake hawakimbii. Wanakaa kwenye ncha. Naye ana jambo moja ambalo E. coli hana. Akipatwa na njaa anaweza kuihamisha ile pete.

Turudi kwenye shamba la mpunga. Tope limekauka, chakula kimeisha. Bacillus haamui mara moja. Ndani yake kuna protini iitwayo Spo0A, na taarifa za njaa na msongamano huifikia kwa kupokezana hatua kwa hatua, kama ndoo za maji zinazopita mkono kwa mkono. Taarifa zikiwa chache anajaribu njia nyingine kwanza: anaogelea kwingine, anatoa vimeng'enya vya kutafuna mabaki, hata hutoa sumu ya kuwaua ndugu zake walio jirani ambao bado hawajapokea agizo, awale ili asogeze mbele uamuzi. Ukiona anafika huko, ujue hatua inayofuata ina gharama kubwa. Ikianza na kupita nusu, hairudi nyuma.

Kwanza ananyoosha nakala zake mbili za DNA kutoka ncha hadi ncha na kuzifunga huko. Pete ya FtsZ inaondoka katikati na kusogea karibu na ncha. Kwa kweli hutokea pete mbili, moja kila upande, lakini moja tu ndiyo inayokamilisha ukuta. Zikikamilika zote mbili, seli haifikishi kazi. Sasa fimbo imegawanyika katika vyumba visivyolingana: kikubwa tunakiita seli mama, kidogo tunakiita mwana. Ukuta umeifunga DNA ya mwana ikiwa theluthi moja tu imeingia. Mbili zilizobaki zipo upande wa mama. Pampu ya protini iliyokaa kwenye ukuta wenyewe huivuta DNA iliyobaki iingie, mamilioni ya herufi, katika dakika chache.

Nataka utulie kidogo hapa, kwa sababu hiki ndicho mwanao hakuambiwa. Mama na mwana wana DNA ileile, herufi kwa herufi. Lakini tangu ukuta ule ufungwe, kila mmoja anasoma kurasa zake. Mwana anawasha kundi moja la jeni na kumpelekea mama ishara kupitia ukuta. Mama akiipokea anawasha kundi lake, naye anajibu. Mwana anawasha la tatu. Mama analifungua la nne. Hakuna anayesonga kabla mwenzake hajamaliza hatua. Ndivyo hata kiumbe wa seli moja anavyopata ukuaji wa hatua kwa hatua, kama mimba inavyokua kwa mpangilio.

Halafu mama anammeza mwana. Utando wake unamzunguka polepole mpaka unakutana upande wa pili, na mwana anabaki akiogelea ndani ya mama akiwa na tando mbili. Katikati ya tando hizo unajengwa ukuta mnene. Nje yake mama anapaka gamba la protini, tabaka juu ya tabaka, kwa B. subtilis, jamaa wa karibu anayechunguzwa zaidi, zimehesabiwa protini zaidi ya sabini kwenye gamba hilo. B. cereus anaongeza na mfuko wa nje unaonata kwenye vyombo. Mama pia anatengeneza asidi iitwayo dipikoliniki na kumsukumia mwana pamoja na kalisi. Inapoingia, maji yanatoka. Mwana mwenyewe huifunika DNA yake kwa protini ndogo zinazoikinga isikatike. Mwisho wa kazi mama anapasuka na kufa, na mwana anaachiwa. Maabarani, kwenye nyuzi joto 37, safari yote ni saa saba au nane.

Kilichoachiwa kinaitwa spora. Hakili, hakikui, hakigawanyiki, hakijengi ukuta wowote, kwa hiyo penisilini haina cha kuzuia. Kinachostahimili moto ndani yake ni ule ukavu. Protini za seli ya kawaida zinapopashwa zinapoteza umbo na kugandamana, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe, na maji ndiyo yanayozipa nafasi ya kujikunjua. Katikati kabisa ya spora maji ni machache mno kwa hilo. Usilifikirie kuwa gamba tu linazuia moto kuingia. Joto linafika hadi ndani kabisa. Halikuti tu kitu cha kuvuruga.

Na Mbeya mnapika mkiwa na hasara nyingine. Mji wenu upo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Sufuria linatokota vilevile, mvuke uleule, ila moto halisi ni pungufu. Kwa spora tofauti hiyo si kubwa sana, maana hata nyuzi 100 nyingi zinapona. Sisi maabarani tunatumia mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika kumi na tano au zaidi, ndipo tunakuwa na uhakika.

Sasa fuatana na wali wako tangu Jumamosi.

Maji yalichemka, bakteria wote waliokuwa wakikua walikufa. Spora zilibaki. Tena moto uliziamsha: joto la kupikia huzitayarisha zichipue, nalo limeshawaua washindani wote. Wali ulipoanza kupoa, kwenye utando wa ndani wa spora kulikuwa na vipokezi vinavyonusa chakula, vipande vya protini, sukari na vitu vya namna hiyo. Vikinasa, mlango unafunguka. Asidi ya dipikoliniki inamwagika nje, maji yanaingia, vimeng'enya vinatafuna ule ukuta mnene, na kwa dakika chache tu spora imepoteza ustahimilivu wake na kuwa bakteria wa kawaida mwenye njaa.

Ukaufunika vizuri na kuuacha. Usiku wa Mbeya ni baridi, ndiyo, lakini baridi hiyo ilikuwa nje ya sufuria. Umewahi asubuhi kuingiza mwiko katikati ya sufuria kubwa lililolala? Juu pamepoa, ukoko umekauka, ila katikati bado pana uvuguvugu. Wali unashika joto kama majivu yaliyofunika kaa. Bacillus anakua vizuri zaidi kati ya nyuzi 30 na 37, na katikati ya sufuria lako palikaa kwenye joto hilo kwa saa nyingi. Akijigawa kila nusu saa, bakteria mmoja anakuwa zaidi ya milioni baada ya saa kumi.

Na alipokuwa akikua alitengeneza sumu iitwayo sereulidi. Ni kipete kidogo, vipande kumi na viwili vilivyofungwa mviringo. Inavyofanya kazi ni kujipenyeza kwenye tando na kupitisha potasiamu ovyo, na tumbo linajibu kwa kutapika. Haina harufu, haina ladha, haiufanyi wali uteleze. Kipete hicho hakikujengwa kwa protini kubwa iliyokunjwa, kwa hiyo hakina umbo la kuvurugwa na moto: kinahimili nyuzi 121 kwa zaidi ya saa moja. Ulipopasha asubuhi uliwaua bakteria waliokwisha kumaliza kazi, ukawapakulia watoto sumu iliyo moto. Ndiyo maana pia nilisema antibayotiki hazisaidii, kwa sababu kilichowatapisha hakina uhai.

Usijilaumu kwa hilo, dada. Ulifanya yale yote ambayo kila mama amefundishwa: funika, pasha mpaka kifuke moshi, nusa kwanza. Kanuni hizo ni nzuri kwa vimelea vingi. Kwa huyu hazitoshi, kwa sababu kupasha ni hatua inayokuja baada ya madhara kutokea.

Unauliza pia mbona miaka kumi na moja hamkuumwa. Naona sababu kadhaa. Kwanza, si kila aina ya B. cereus ana jeni za kutengeneza sereulidi, wengi hawana. Wapo wanaotoa sumu nyingine, hizo hutolewa utumboni na kuleta kuharisha baada ya saa nane hadi kumi na sita, na huenda mmewahi kuipata mkadhani ni maji. Lakini sababu ninayoiamini zaidi ni kipimo. Kiporo chenu cha kawaida ni bakuli moja, na bakuli hupoa mapema. Safari hii ilikuwa nusu sufuria la kilo nane.

Basi ufanye nini? Najua wali uliobaki ni mtaji, na kumwambia mama lishe "mwaga" ni rahisi kwa asiyenunua mchele. Kwa hiyo nitakueleza nilivyopima mimi, nawe uchague.

Njia bora kuliko zote ni kuupoza haraka. Wali ukibaki, usiuache ndani ya sufuria. Utandaze kwenye sinia pana, unene wa vidole viwili, funika kwa chandarua cha chakula au kitambaa chepesi safi, weka penye upepo, kisha ukipoa uweke kwenye friji. Lengo ni uingie kwenye friji ndani ya saa moja, isizidi mbili. Usiingize sufuria zima likiwa moto. Utapandisha joto la friji na katikati ya wali patabaki vilevile vuguvugu hadi alfajiri. Ukae humo siku moja tu, upashe mara moja tu mpaka ndani pawe moto kabisa, na kitakachobaki hapo kisirudi tena kwenye friji.

Ukiwa huna friji, jibu langu ni la wazi japo linauma: wali usilale. Pika mara mbili kwa siku kwa sufuria ndogo badala ya mara moja kwa kubwa. Mkaa utaongezeka kidogo, ndiyo, lakini mabaki yatapungua, na dereva anayeugua njiani hasimami kwako tena. Oda ya shughuli ikibaki, gawa usiku ule ule wali ukiwa bado moto.

Kuweka moto mfululizo nako kunawezekana. Juu ya nyuzi 60 Bacillus hakui. Hotpoti nzuri iliyojazwa wali uliotoka motoni hushikilia hapo kwa saa chache, lakini hotpoti iliyofunguliwa kila dakika, au iliyobaki robo, hushuka mapema. Alama yangu ya jikoni ni hii: wali usiokuchoma vidole umeshashuka, anza kuhesabu saa.

Wengine wataniuliza kuhusu jiko la presha. Linaua spora nyingi kuliko sufuria la kawaida, ni kweli, lakini ukishalifungua mwiko na mikono na vumbi vinarudisha nyingine, na kwa sumu iliyokwisha kutengenezwa halifanyi kitu. Wengine wana mawazo ya kuchemsha mara kwa mara. Wazo hilo lina historia ya heshima. Mwaka 1876 mwanasayansi Ferdinand Cohn, akichunguza maji ya nyasi kavu huko Breslau (leo Wrocław, Poland), alieleza spora za Bacillus zinazopona kuchemshwa, na mwaka huo huo Robert Koch akaonyesha spora za kimeta. Mwaka uliofuata John Tyndall, huko London, akagundua kwamba ukichemsha, ukaacha spora zichipue, ukachemsha tena, na tena, unaziua kwa awamu zikiwa zimelainika. Ni kweli kabisa kwa kusafisha kimiminika cha maabara. Kwa chakula ni hatari, maana ule muda wa kusubiri zichipue ndio muda wa kutengeneza sumu.

Ndimu na siki kwenye wali? Uchachu mkali humzuia kukua, ila ili ufike huko wali wako hautalika. Vitakasa mikono vya alkoholi haviui spora. Maji yanayotiririka na sabuni huziondoa kwa kuzisugua zitoke, na kwa sufuria, mwiko na sinia hilo ndilo la kutegemea, pamoja na kuvikausha juani.

Nimetaja kimeta, na kwa kuwa huko Mbeya kuna wafugaji, niongeze neno. Bakteria wa kimeta ni jamaa wa karibu sana wa huyu wa wali, naye hujenga spora kwa hatua zile zile. Ndani ya mzoga ambao haujapasuliwa anakosa hewa ya kutosha kuzijenga. Mzoga ukichinjwa au kuchunwa, damu inakutana na hewa na spora zinajengwa kwa wingi, kisha hukaa udongoni miaka mingi. Ng'ombe akifa ghafla huku damu ikimtoka puani au kwingine, msimpasue, msimle, aitwe mtaalamu wa mifugo.

Kwako wewe, mkiumwa tena namna hii watu zaidi ya wawili waliokula chakula kimoja, toa taarifa kwa bwana afya wa kata na mhifadhi kipande cha chakula hicho kwenye chombo safi kwenye baridi. Bila kipande hicho sisi tunabaki kukisia, kama ninavyokisia leo.

Na mwanao mwambie nimependa alivyobisha. Arudi kwenye daftari lake la baiolojia, pale alipochora bakteria, achore fimbo mbili. Ya kwanza aweke mstari katikati. Ya pili mstari auweke karibu na ncha, chumba kidogo na kikubwa, kisha achore hatua kwa hatua kikubwa kikikimeza kidogo. Akiwa na mwalimu anayeweza kumwonyesha B. subtilis kwenye hadubini inayokuza mara 1,000, amtazame aliyekaa na njaa siku mbili: ndani ya kijiti ataona kitone kimoja kinachong'aa.